Miaka 42 ya Moshi Chini ya London

Anayesafiri kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam kuja Mbeya hufika Mlimba usiku, na kutoka hapo treni huanza kupanda. Alfajiri, wakati abiria wengi wa daraja la tatu wamelala wamejikunja juu ya mabegi yao, husikika sauti ya mtu mmoja mzoefu, mara nyingi mama wa biashara aliyeizoea njia hiyo kuliko anavyoizoea njia ya kwenda kwake: "Fungeni madirisha!" Mgeni hushangaa, kwa kuwa nje hakuna mvua wala vumbi. Kabla hajauliza, mlima unalimeza behewa, ngurumo ya injini inarudi kutoka ukutani kana kwamba kuna treni ya pili inayokimbia ubavuni, na harufu ya dizeli inapenya katika kila upenyo uliosahauliwa. Dakika haijaisha mwanga unarudi, kuna bonde la kijani chini kabisa, madirisha yanafunguliwa, watu wanapenga pua na kurudia usingizi wao.

Kati ya Mlimba na Makambako, mwendo wa kilomita 158 hivi, ndiko yaliko mahandaki mengi ya reli yetu. Refu miongoni mwayo ni lile la tatu la Irangi. Nimelipita mara nyingi, na sikuwahi kulitafakari mpaka wiki mbili zilizopita, nilipokuwa ndani ya bajaji iliyokwama kwenye foleni ya Mafiati, hapa Mbeya, saa kumi na mbili jioni, mbele yetu lori la mafuta linalokwenda Tunduma na nyuma yetu lori jingine linalotoka huko. Dereva, kijana mchangamfu, alizima injini ili kuokoa petroli, akageuka na kuniambia: "Kaka, hapa dawa ni treni ya chini kwa chini kama ya Ulaya. Wachimbe tu, mambo yaishe."

Nilicheka, lakini hilo neno "tu" lilinifuata hadi nyumbani. Nina ugonjwa wa zamani wa kusoma historia za reli, na njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi duniani, ile ya Metropolitan ya London, naifahamu kiasi cha kuweza kusema kwamba kuchimba ndiyo sehemu iliyokwenda haraka kuliko zote. Walichimba kwa miaka isiyozidi 3. Kabla ya hapo walibishana kwa miaka 15, na baada ya hapo walikohoa kwa miaka 42.

Foleni ya London ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa ya farasi. Reli kubwa zilizotoka mikoani zilikuwa zimekwisha kuufikia mji, lakini tume iliyoteuliwa mwaka 1846 ilipendekeza zisiruhusiwe kuingia hadi katikati, na ndiyo maana hadi leo stesheni za Paddington, Euston na King's Cross zimepangana pembeni mwa London ya zamani. Abiria aliyeshuka Paddington akitaka kwenda kwenye shughuli za fedha upande wa mashariki alilazimika kupanda basi la kukokotwa na farasi au kutembea katikati ya mikokoteni ya nyama, bia na makaa. Atakayetaka kulielewa jambo hilo kwa mfano wa hapa nyumbani afikirie mabasi yote ya mikoani yawe yanashushia Uyole, kisha kila mtu ajitafutie usafiri wa kufika Mwanjelwa, na kati ya Uyole na Mwanjelwa wawe wamejaa punda.

Mtu aliyeshikilia wazo la kupitisha treni chini ya mji hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanasheria, Charles Pearson, wakili wa Jiji la London, ambaye tangu mwaka 1845 alikuwa akichapisha na kuhutubia juu ya jambo hilo. Hoja yake haikuhusu mwendo pekee. Aliona vibarua na mafundi wamerundikana katika vyumba vya kupanga kwenye vichochoro vya katikati ya mji, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kuishi mbali na mahali walipopata kazi, na akasema kwamba ikiwa nauli itakuwa ndogo na treni itafika karibu na kazi zao, wataweza kuhamia pembezoni kwenye hewa safi. Hewa safi ndiyo aliyoitafuta, jambo ambalo msomaji alikumbuke tukifika kwenye moshi.

Sheria ya kuruhusu reli hiyo ilipitishwa na Bunge mwaka 1854, na papo hapo fedha zikakauka, kwa kuwa Uingereza ilikuwa imeingia kwenye vita vya Crimea na wenye mitaji hawakutaka kuzika pesa zao chini ya barabara. Pearson alizunguka kutafuta wanunuzi wa hisa hadi alipoushawishi uongozi wa Jiji lenyewe uweke pauni 200,000. Uchimbaji ukaanza mwaka 1860, chini ya mhandisi John Fowler.

Hapa ndipo dereva wangu wa bajaji angefurahi, kwa sababu namna waliyochimba ni rahisi kuielewa kuliko tunavyodhani. Hawakutoboa mlima. Walipasua barabara. Walichagua kufuata barabara pana iliyoitwa New Road, ambayo leo sehemu zake zinaitwa Marylebone Road na Euston Road, wakachimba mtaro mkubwa katikati yake, wakaushikilia kwa magogo ili kuta zisiporomoke, wakajenga kuta za matofali kila upande, wakaziunganisha juu kwa tao la matofali, kisha wakarudisha udongo na kuifunika barabara kama ilivyokuwa. Upana wa ndani ulikuwa mita 8.7 hivi, kiasi cha njia mbili za reli kulala ubavu kwa ubavu. Ni sehemu fupi tu, karibu na Clerkenwell, yenye urefu wa meta zipatazo 670, iliyochimbwa kama handaki halisi la mlimani.

Sababu ya kufuata barabara haikuwa ya kiufundi. Ilikuwa fidia. Chini ya barabara hapakuwa na mwenye nyumba wa kulipwa, ilhali chini ya majengo kila hatua ilikuwa na mwenyewe na wakili wake. Lakini barabara haikuendelea hadi mwisho wa safari. Kutoka King's Cross kwenda Farringdon njia iliingia kwenye bonde la mto Fleet, na huko walikaa watu maskini, wapangaji wa chumba kimoja kwa wiki. Nyumba zao zilibomolewa kwa mamia, wenye majengo wakalipwa, na wapangaji, ambao sheria haikuwatambua kuwa na haki yoyote katika ardhi ile, wakafungasha vyombo na kuhamia kwenye vichochoro vya jirani, vilivyokwisha kujaa tayari. Watu walewale ambao Pearson alitaka treni iwahamishe kwa hiari walihamishwa kwanza kwa nguvu, na treni yenyewe ilikuwa bado haijaja.

Sihitaji kueleza sana mbele ya wasomaji wa Mbeya. Tumeona alama za X nyekundu kwenye kuta za watu kila barabara inapopanuliwa. Shangazi yangu alikuwa na kibanda cha kupangisha kando ya barabara; yeye alipewa fomu ya kujaza, na kinyozi aliyempangisha kwa miaka 9 hakupewa kitu, kwa maelezo kwamba mpangaji hana mali isipokuwa kiti na kioo. Kinyozi akabeba kiti na kioo chake. Sasa ananyolea chini ya mwembe na wateja wake wanamfuata hukohuko, lakini hilo ni jambo la bahati ya mikono yake.

Nikiwa katikati ya kuandika haya nilikwenda Iyunga kumwona mjomba wangu, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika gengi la matengenezo ya reli upande wa Mlimba, akibeba mataruma na kushindilia kokoto, kuanzia miaka michache baada ya Wachina kukabidhi njia mwaka 1976. Nilimkuta anaota jua ukumbini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeleta habari gani za mjini?"

Nilimweleza kwamba ninaandika juu ya handaki la Wazungu. Akauliza lilichimbwa kwa mwamba au kwa udongo. Nikasema kwa udongo. Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeambiwa mgonjwa anakohoa damu, akasema: "Basi maji yaliwatesa. Handaki haliuawi na mlima, mpwa wangu. Handaki linauawa na maji."

Hakuwa amesoma popote. Mwezi Juni 1862, njia ikiwa karibu kukamilika, mto Fleet ulipasuka. Kwa wakati huo Fleet haukuwa tena mto wa kuuona kwa macho. Ulikuwa umefunikwa na kugeuzwa kuwa mfereji mkubwa wa maji taka, na mfereji huo ulipita sambamba na uchimbaji na kuukata mahali kadhaa. Ukuta ulioushikilia uliachia, maji machafu yakaingia kwenye kazi na kuifurika njia kwa mbali, na ikabidi yaelekezwe upya hadi Mto Thames kabla mafundi hawajaweza kurudi. Huo haukuwa msiba wa kwanza. Mwaka 1860 treni ya kampuni nyingine ilipitiliza jukwaa la King's Cross ikatumbukia kwenye mtaro wa wachimbaji, na katika mwaka huohuo kichwa cha treni kilichotumika kwenye ujenzi kililipuka na kuwaua watu wawili waliokiendesha.

Pearson hakuiona siku ya ufunguzi. Alifariki Septemba 1862, na kampuni ikampa mjane wake malipo ya pauni 250 kwa mwaka. Tarehe 9 Januari 1863 wakubwa walifanyiwa safari na karamu. Waziri Mkuu Palmerston, aliyekuwa na umri wa miaka 78, inasimuliwa kwamba aliomba radhi kwa kusema kuwa katika umri wake angependelea kubaki juu ya ardhi kwa kadiri inavyowezekana. Siku iliyofuata, tarehe 10, milango ilifunguliwa kwa umma. Njia ilikuwa na stesheni 7 na urefu wa kilomita 6 hivi, kutoka Paddington hadi Farringdon, yaani kama kutoka katikati ya Jiji la Mbeya hadi upande wa Iyunga, na watu wapatao 38,000 walisafiri siku hiyo ya kwanza. Katika miezi 12 ya mwanzo abiria walifika milioni 9.5. Nauli ilikuwa pensi 6 kwa daraja la kwanza, pensi 4 kwa la pili na pensi 3 kwa la tatu. Kuanzia mwaka 1864 kulikuwa na treni za wafanyakazi, zilizoondoka kabla ya saa 12 asubuhi, ambazo mtu alikwenda na kurudi kwa pensi 3 hizohizo. Hilo ndilo tone la ndoto ya Pearson lililotimia mapema, nami nalihesabu kuwa tukio kubwa kuliko karamu ya tarehe 9.

Sasa moshi.

Treni hizo zilivutwa na vichwa vya mvuke. Umeme wa kuendeshea treni ulikuwa haujapatikana, na hakuna njia nyingine iliyokuwa imefanikiwa. Fowler alijaribu kutengeneza kichwa kisichotoa moshi, kilichobeba matofali yaliyopashwa moto sana ili yaendelee kuchemsha maji bila kuwasha kuni au makaa ndani ya handaki. Kilishindwa vibaya, kikauzwa, na waliokuja baadaye wakakibandika jina la Mzimu wa Fowler. Ikabidi warudi kwenye mvuke wa kawaida na kuutafutia hila. Mvuke uliotoka kwenye mitungi uliongozwa kwa mabomba hadi kwenye tangi la maji baridi pembeni mwa injini, ambako uligeuka kuwa maji badala ya kutokea kwenye dohani. Tatizo la hila hiyo analijua kila aliyewahi kupoza uji kwa kuuweka kwenye beseni: baada ya muda maji ya beseni nayo yanapata moto. Basi dereva aliyekuwa amechelewa, na tangi lake limeanza kuchemka, aliuachia mvuke wote utoke juu, ndani ya handaki, na anayekuja nyuma yake akaupokea. Mwanzoni walichoma makaa ya aina ya koki, yaani yaliyokwisha kuchomwa kwanza kupunguza moshi, lakini koki hutoa gesi isiyoonekana ambayo ni hatari kuliko moshi unaoonekana, na baadaye wakahamia kwenye makaa ya mawe ya Wales.

Mwaka wa kwanza haujaisha, ugomvi wa upana wa reli nao ukazuka. Kampuni ya Great Western, iliyokuwa ikiendesha treni kwenye njia hiyo, ilitumia reli za upana wa milimita 2,140, ilhali wengine wengi walitumia 1,435; kwa hiyo njia ya Metropolitan iliwekwa reli tatu ili aina zote mbili zipite. Mnamo Agosti 1863 Great Western wakagombana na wenye njia, wakaondoa mabehewa yao, na Metropolitan wakaponea kwa kuazima treni za wengine zenye upana wa 1,435. Sisi tulio na reli ya TAZARA ya milimita 1,067, reli ya kati ya milimita 1,000 na mizigo inayopakuliwa na kupakiwa upya Kidatu hatuna sababu ya kuwacheka. SGR yetu, kwa taarifa ya wanaopenda kujua, ina upana uleule wa 1,435.

Ili moshi upate pa kutokea, walitoboa. Kati ya mwaka 1871 na 1872 matundu yalifunguliwa kwenye paa la handaki, yakatokeza katikati ya barabara, na mvuke uliotoka ghafla ardhini uliwashtua farasi. Kwenye stesheni za Baker Street na Gower Street waliondoa vioo kwenye mashimo ya mwanga yaliyokuwa kwenye kuta ili hewa ipite. Na pale njia ilipoongezwa kuelekea kusini mwaka 1868, kupitia mtaa wa matajiri wa Bayswater, walihitaji sehemu ya wazi ambamo injini zingeweza kupumua. Nyumba mbili za mtaa wa Leinster Gardens, namba 23 na 24, zikabomolewa. Matajiri wa mtaa huo hawakutaka pengo katikati ya safu ya nyumba zao nzuri, na kampuni ikajenga mahali pale ukuta mmoja wenye sura ya nyumba mbili, nguzo na roshani zikiwa sawasawa na za majirani, milango isiyofunguka na madirisha yaliyopakwa rangi mahali pa vioo. Ukuta huo upo hadi leo, na unene wake ni meta moja na nusu hivi. Nyuma yake ni shimo, na chini ya shimo treni zinapita.

Nimeitazama picha ya ukuta huo mara nyingi kuliko picha ya kitu kingine chochote katika historia hii. Maskini wa bonde la Fleet walipovunjiwa nyumba hawakuachiwa hata kizingiti. Kwa matajiri wa Bayswater zilijengwa nyumba za uongo ili macho yao yasiumie. Nadhani mwenye kampuni hakuona ajabu yoyote. Huko gharama ya kumridhisha jirani iliingizwa kwenye bei ya ujenzi, na bondeni hapakuwa na mtu wa kuridhishwa.

Pamoja na matundu hayo yote hali ilizidi kuwa mbaya, kwa kuwa treni ziliongezeka. Njia iliunganishwa na ile ya kampuni ya District hadi ikakamilika kuwa duara la kuuzunguka mji mwaka 1884. Kufikia mwaka 1897, kati ya Edgware Road na King's Cross, zilipita treni za abiria 528 na za mizigo 14 kila siku, zote zikiwaka makaa. Mwaka huo serikali iliunda kamati kuchunguza hewa ya humo. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kwamba mfamasia mmoja aliyekuwa na duka karibu na stesheni ya Gower Street alikuwa akichanganya dawa maalumu ya chupa kwa ajili ya abiria waliotoka chini wakitweta, na kwamba wateja hawakumpungukia. Kamati ikashauri kuongeza matundu, huku ikisema kwamba tiba ya kweli ni umeme.

Umeme ulikuwa umekwisha kuthibitika. Mwaka 1890 kampuni nyingine, City and South London, ilifungua njia iliyochimbwa kwa kina kirefu chini ya Thames bila kupasua barabara yoyote, kwa kutumia ngao ya chuma ya James Henry Greathead: bomba kubwa linalosukumwa mbele kidogokidogo huku wachimbaji wakifanya kazi ndani ya kinga yake, na nyuma yake pete za chuma zikifungwa kushikilia udongo. Kwa kina kile mvuke haukuwezekana kabisa, hivyo treni zake zilitumia umeme tangu mwanzo. Mabehewa yao yalikuwa na madirisha madogo sana, kwa hoja kwamba abiria hana cha kutazama, na watu wakayaita vyumba vya wendawazimu vilivyowekwa magodoro ukutani.

Kwa nini basi Metropolitan hawakubadilika mara moja? Mkuu wao kwa muda mrefu, Edward Watkin, alikuwa akitazama mbali mno kiasi cha kutoona kilicho puani. Aliiongeza njia kutoka Baker Street kuelekea kaskazini-magharibi, Harrow mwaka 1880, Chesham 1889, hadi mji wa Aylesbury uliofikiwa mwaka 1892, akiwa na ndoto ya treni zitokazo kaskazini mwa Uingereza zipite kwenye reli zake hadi Ufaransa kwa handaki la chini ya bahari. Alianza pia kujenga mnara wa chuma wa kuushinda ule wa Eiffel, kwenye uwanja alioununua kando ya reli yake, ili watu wawe na sababu ya kupanda treni. Ghorofa ya kwanza ilipokamilika ardhi ilianza kulemewa na pesa zikaisha, na mwaka 1907 mabaki yakalipuliwa. Mahali pale panaitwa Wembley. Mashabiki wa mpira mnaoutaja uwanja huo kila msimu mnataja, bila kujua, kaburi la mnara wa mtu wa reli.

Watkin alipoondoka mwaka 1894 palibaki ubishi na District, kwa kuwa duara lilikuwa la wote wawili na umeme usingeweza kuwa wa aina mbili. Walishindana juu ya mfumo wa kutumia hadi shauri likapelekwa kwa mwamuzi, naye akaupitisha mfumo wa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, uliotakiwa na Mmarekani Charles Yerkes, aliyekuwa amekwisha kuinunua District. Treni ya umeme ya Metropolitan ilianza kubeba abiria Januari 1905 kati ya Baker Street na Uxbridge. Tarehe 1 Julai mwaka huo ikaja zamu ya duara, na siku hiyohiyo treni ya Metropolitan ikaing'oa reli ya kupitishia umeme ya District, kwa kuwa vipimo vya pande mbili havikulingana. Mvuke ukarudishwa kwa wiki kadhaa zaidi. Mnamo Septemba 1905 duara lote likaendeshwa kwa umeme, na ndiyo ile miaka 42 na ushei niliyoitaja mwanzoni.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Kampuni ilipata faida kubwa kwa kuuza viwanja na nyumba kandokando ya njia yake ya mashambani, eneo ambalo kuanzia mwaka 1915 waliliita Metro-land, hivyo wafanyakazi wa ofisini wakaipata ile hewa safi ya Pearson kabla ya vibarua. Mwaka 1933 karibu reli zote za chini ya London, mabasi na tramu ziliwekwa chini ya mamlaka moja ya umma. Mvuke wenyewe uliendelea kuvuta abiria wa Metropolitan kwenye ncha ya mbali, juu ya ardhi, hadi mwaka 1961. Bara letu lilipata njia yake ya kwanza ya aina hii Cairo mwaka 1987, ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza. Wamisri waliiacha miaka ya kukohoa iwe ya Waingereza. Na kuanzia mwaka 2010 njia ya Metropolitan ilianza kuletewa treni zenye viyoyozi, zilizo wazi kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho.

Mnamo Januari 2013, katika kutimiza miaka 150, walikitoa kichwa cha mvuke kilichoundwa mwaka 1898, wakakikokotesha mabehewa ya zamani kupitia kwenye handaki lilelile la mwaka 1863. Nilikuwa na video yake kwenye simu, na Jumapili nikarudi Iyunga kumwonyesha mjomba. Alivaa miwani, akaishika simu mbali na uso. Kwenye kioo watu walikuwa wamejazana jukwaani wakishangilia, taa ya kichwa ikatokea gizani, na moshi mweupe ukaja mbele yake ukafunika kila kitu.

Nilitarajia ashangae treni. Aliniomba niirudishe nyuma. Nikairudisha. Akaomba tena, safari hii akaweka kidole juu ya kioo, pale tao la matofali linapokutana na ukuta, juu ya vichwa vya watu.

"Mahali hapa pakavu," akasema. "Wamejenga vizuri. Lakini ule mto wao uliopasuka, mpwa wangu, siku hizi unapita upande gani?"

Nikamwambia kwamba bado uko palepale, ndani ya mabomba, chini ya barabara iitwayo Farringdon, pembeni mwa reli, na kwamba anayesimama karibu na wavu fulani wa chuma mtaani siku ya mvua huusikia ukivuma. Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Basi wawe na mtu wa kuusikiliza kila usiku," akasema, akanirudishia simu.